Sabuni Kwanza, Jiki Baadaye

Mtoto wa miezi saba akiharisha, jibu la kwanza katika nyumba nyingi za Afrika Mashariki ni kwamba anaota meno. Imani hiyo ni ya zamani na imeacha majeraha, maana wako watoto waliochokonolewa fizi kwa madai kwamba wana "meno ya plastiki", kumbe kilichong'olewa ni meno yao halali ambayo hayajachomoza. Hata hivyo, walioshika imani hii hawakuona vibaya. Meno na kuhara kweli huja wakati mmoja. Kilichokosewa ni sababu. Umri wa meno ndio umri wa kukaa, kutambaa na kushika, na mtoto anayewashwa na fizi hupeleka mdomoni kila anachokishika. Ndio pia umri ambao kinga aliyopewa na mama yake akiwa tumboni imeshapungua sana. Kijiko kilichoanguka uani, rimoti ya televisheni, funguo za baba, mdoli wa plastiki uliolala sakafuni usiku kucha, vyote hivyo kwake ni vya kung'ata. Anayetaka kujua kuhara kumetoka wapi aziache fizi, atazame kilicho mkononi mwa mtoto.

Watafiti wamekitazama. Nchini Bangladesh waligawa vipira visafi vya kuchezea katika nyumba za vijijini, wakaviacha vichezewe, kisha wakavichukua, wakavisuuza na kuyapima maji ya kusuuzia. Yalikuwa na vijidudu vya kinyesi. Kipira kile kiligeuka kipimo cha usafi wa nyumba nzima, kwa kuwa hupita palepale anapopita mtoto. Nchini Zimbabwe, utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuatilia watoto wadogo wa vijijini kwa saa kadhaa, na wako walioonekana wakila udongo na hata mavi ya kuku. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kuhara huua watoto zaidi ya 440,000 wenye umri chini ya miaka mitano kila mwaka. Si wote walioambukizwa na kichezeo, bila shaka. Lakini kichezeo ni njia fupi kati ya sakafu na tumbo, na ni njia ambayo mzazi anaweza kuifunga kwa mikono yake mwenyewe.

Kosa ninalolihofia zaidi ni la mzazi anayejali kupita kiasi kuliko la asiyejali. Akisikia habari za vijidudu hukimbilia dawa: anamwaga jiki kwenye beseni, anatumbukiza vichezeo vilivyo na uchafu wake, harufu inajaa chumba na roho inatulia. Harufu hiyo haithibitishi kitu. Klorini iliyomo kwenye jiki ikikutana na maziwa yaliyogandia, mate au uji, huishia kupambana na uchafu huo na kupoteza nguvu kabla ya kuwafikia vijidudu. Kuna jambo kubwa zaidi. Utafiti uliofanyika katika nchi saba za Afrika na Asia, Kenya ikiwamo kupitia eneo la Siaya, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kwa watoto wasiotimiza mwaka mmoja kisababishi kikuu cha kuhara kukali kilikuwa virusi vya rota. Cha pili kilikuwa kimelea kiitwacho kriptosporidia. Kimelea hiki kina ganda gumu, na huweza kukaa hai siku kadhaa katika maji ya bwawa la kuogelea yaliyotiwa klorini. Jiki ya kiasi kinachofaa kwa kitu cha mtoto haikitishi. Lakini kikisuguliwa kwa sabuni na kusuuzwa, huondoka. Katika maji yanayochemka hufa. Na ukavu hakiuwezi. Yaani silaha zinazomfaa mtoto zaidi ndizo zile za kila siku ambazo tunaziona hazina nguvu.

Kwa hiyo kazi yenyewe ni ya beseni, maji vuguvugu, sabuni ya kuoshea vyombo na mswaki wa zamani. Mswaki si pambo hapa. Chukua njuga ya plastiki uitazame kwa karibu: pale vipande viwili vilipounganishwa pana mfereji mwembamba, na ndani yake kuna mstari wa uji uliokauka, unywele na vumbi lililonata. Kitambaa hakifiki humo. Sugua, suuza kwa maji safi, kisha anika juani juu ya kitambaa safi au ungo mpaka kikauke kabisa. Kisichokauka hakijasafishika. Mwaka 2018 watafiti wa Uswisi na Marekani walipasua wanasesere 19 wa kuogea, wale bata wa mpira wanaotoa maji wakibonywezwa, na katika wanne kati ya kila watano walikuta bakteria wanaoweza kuleta maradhi. Ndani mle hamna jua wala upepo, na matone ya maji ya kuogea hubaki humo siku zote. Ukimbonyeza bata wa nyumbani kwako akatoa vipande vyeusi, usihangaike kumwosha. Mtupe, na ukinunua mwingine chagua asiye na tundu. Mwanasesere wa kitambaa afuliwe kama nepi na aanikwe mpaka pamba ya ndani ikauke. Chenye betri hufutwa tu, kwa kitambaa chenye sabuni kisha kwa chenye maji safi.

Dawa ina siku zake. Mtoto akiharisha au akitapika, kichezeo kikiguswa na kinyesi, au kikipita vinywani mwa watoto wengi kama ilivyo katika vituo vya kulelea watoto mchana, kuosha peke yake hakutoshi. Hapo chaguo langu la kwanza ni kuchemsha, kwa vitu vya mpira mgumu, silikoni na chuma, dakika chache baada ya maji kutokota. Plastiki nyepesi hupinda, na ile iliyopakwa rangi huanza kubanduka. Hizo ndizo za jiki, zikishaoshwa. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kijiko kikubwa kimoja, yaani mililita 15, katika lita moja ya maji hutoa mchanganyiko wa karibu asilimia 0.05, kiwango kilichotumika kunawia mikono wakati wa milipuko ya Ebola. Loweka dakika kumi, suuza vizuri kwa maji ya kunywa, anika. Kuongeza kipimo hakumwongezei mtoto usalama, kwa kuwa dawa inayobaki kwenye plastiki inaishia kwenye midomo yake. Siki na ndimu hung'arisha na kuondoa harufu, lakini si za kutegemewa dhidi ya virusi vya kuhara.

Wapo watakaosema kwamba uchafu kidogo humjenga mtoto, na hawasemi bila msingi. Mwaka 1989 Mwingereza David Strachan aligundua kwamba watoto wenye ndugu wengi walipata mzio kidogo kuliko wenye ndugu wachache, akahisi kwamba maambukizi ya utotoni huenda yanawakinga. Tangu hapo yameandikwa mengi juu ya faida ya kukua karibu na mifugo, mimea na watu. Nakubali. Lakini mtoto anayebebwa, anayenyonya na kucheza na dada zake huwapata vijidudu hao rafiki bila shida, na kichezeo kikavu kilichooshwa kwa sabuni hakimtenganishi nao. Kinyesi cha kuku ni habari nyingine. Hoja hiyo, ukiitazama vizuri, inakataza kuloweka kila kitu katika dawa kila siku, haikatazi sabuni.

Pingamizi gumu zaidi limetoka Kenya. Katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, maelfu ya familia zilipewa klorini ya maji ya kunywa, vyoo bora na mafunzo ya kunawa mikono, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2018 yakaonyesha kuwa kuhara kwa watoto hakukupungua. Mbona basi tujisumbue na vichezeo? Mimi nayasoma matokeo hayo kama onyo juu ya ua. Maji yakisafishwa na mtoto akaendelea kutambaa pale kuku wanapodonoa, mlango mmoja umefungwa na mwingine uko wazi. Kichezeo kilichooshwa asubuhi kikitupwa kwenye udongo huo saa moja baadaye, uoshaji ule umepotea. Kifuatane na jamvi linalofuliwa, kuku watengwe, na mikono ya anayemlea ioshwe.

Maji ya kununua kwa dumu ni ghali, na sitamwambia mama anayepandisha ndoo ngazi nne aoshe vichezeo 20 kila jioni. Apunguze. Vitatu au vinne vitolewe, vingine vifungwe ndani ya ndoo yenye kifuniko, na vya leo vioshwe kwa maji kidogo ya sabuni wakati wa kumwogesha mtoto. Vya mdomoni vioshwe kila siku, vingine mara moja kwa wiki.

Na jiki ikiwamo nyumbani, ibaki katika chupa yake yenye maandishi, juu ambako mtoto hafiki. Usiichanganye kamwe na siki, ndimu wala dawa ya choo, maana hutoa hewa inayounguza mapafu. Usinunue ya kupimiwa kwenye chupa ya soda, na usiihamishie humo: mtoto hajui kusoma, ila chupa ya soda anaijua.