Gari la rimoti la mtoto limekufa? Pima vipuri vyake kabla ya kutupa

Kwa wageni wa ukurasa huu, tunaongelea Nyarugusu ya Geita, siyo ile ya Kasulu.

Swali linalonifikia sana siku hizi ni hili: "Bwana shamba, taa ya kupimia mayai naipata wapi?" Inawezekana unayo tayari, chini ya kitanda, ndani ya gari la rimoti ambalo mtoto ameshalichoka. Humo mna taa, swichi, nyaya na kisanduku cha betri. Lakini kipuri cha zamani hakiaminiki kwa kukiangalia tu. Kwanza ukitambue, pili ukipime, tatu ujue kazi gani kinaiweza. Ukiruka hatua moja, hasara inaangukia kwenye mayai.

Kabla ya kufungua

Tafuta bisibisi ndogo ya nyota na mita ya fundi redio. Kama huna mita, azima. Toa betri zote kwanza. Ukikuta unga mweupe kwenye vyuma vya betri, hiyo ni betri iliyovuja, na maji yake yanachoma ngozi. Futa kwa kitambaa chenye siki au ndimu, kisha nawa mikono.

Betri zile bapa kama kifungo cha shati weka mbali kabisa na watoto. Mtoto akiimeza ikakwama kooni, inaweza kumuunguza vibaya ndani ya saa 2. Usisubiri aitoe chooni, mkimbize hospitali.

Na jambo lingine: somo hili ni la vitu vya betri ndogo tu. Kifaa kinachochomekwa ukutani usikifungue. Ndani yake mna kapasita inayoweza kubaki na umeme mkali hata baada ya kuchomoa waya.

Tambua na pima, kimoja kimoja

*Betri.* Betri kavu mpya inasoma volti 1.5 au zaidi kidogo, ya kuchaji inasoma kama 1.2. Ila usidanganyike na namba hiyo. Betri iliyochoka inaweza kusoma vizuri ikiwa haina kazi, halafu ikaanguka ukiiwashia taa. Kwa hiyo ipime taa ikiwa inawaka.

*Taa ya LED.* Mguu mrefu ni chanya. Kama miguu imekatwa, angalia ukingo wa chini: upande uliobapa ni hasi. Weka mita kwenye alama ya dayodi, yaani mshale wenye kistari mbele, waya mwekundu kwenye chanya. LED nzima itawaka kwa mbali. Nyekundu inahitaji kama volti 2, nyeupe kama volti 3. Baadhi ya mita haziwezi kuwasha nyeupe, hivyo usiitupe bado. Ijaribu kwa betri mbili, ikiwa na rezista kwenye njia.

*Rezista.* Ni kile kijiti kidogo chenye mistari ya rangi. Hesabu zake ni hizi: nyeusi 0, kahawia 1, nyekundu 2, chungwa 3, njano 4, kijani 5, bluu 6, zambarau 7, kijivu 8, nyeupe 9. Kwenye zile za mistari minne, miwili ya kwanza ni tarakimu, wa tatu ni idadi ya sifuri. Kahawia, nyeusi, kahawia ni 1, 0 na sifuri moja, yaani omu 100. Mstari wa mwisho wa rangi ya dhahabu unasema kipimo kinaweza kupishana kwa asilimia 5. Pima betri ikiwa imetolewa, na mguu mmoja wa rezista uwe umeng'olewa kwenye bodi, la sivyo mita itasoma na vipuri vya jirani.

*Dayodi.* Kijiti cheusi au cha kioo chenye mstari mmoja upande wa hasi. Mita isome kama 0.5 hadi 0.7 upande mmoja, na ukigeuza nyaya isisome kitu. Ikipitisha pande zote mbili, imekufa.

*Kapasita.* Kale kakopo kadogo, kenye mstari wa alama ya kutoa upande wa hasi. Kichwa kikivimba, tupa. Kikiwa bapa, gusanisha miguu yake kupitia rezista ili umeme uliobaki utoke, halafu weka mita kwenye omu. Namba ipande taratibu. Ikibaki sifuri, imeungana ndani.

*Swichi.* Weka mita kwenye mlio. Bonyeza na achia mara kumi. Ikilia leo na kukataa kesho, haifai.

*Spika.* Nyingi zimeandikwa omu 8, na mita itasoma chini kidogo ya hapo. Igusishe betri moja kwa nukta tu. Ikitoa "tak", ni nzima.

*Mota.* Iunganishe na betri mbili. Ikizunguka, isimamishe, geuza kichuma chake kidogo kwa mkono, kisha iwashe tena, mara kadhaa. Ikiwaka ikiwa mkao mmoja na kugoma mwingine, ndani pamekatika au brashi zimeisha. Iache dakika kumi. Ikiwa ya moto hadi huwezi kuishika, achana nayo.

Lile tone jeusi gumu lililogandishwa katikati ya bodi ni ubongo wa mdoli wenyewe. Hilo huna pa kulitumia.

Kazi inayofaa na isiyofaa

Sasa taa yetu. Chukua betri tatu, zinakupa volti 4.5. LED nyeupe inachukua 3, zinabaki 1.5. Ukiweka rezista ya omu 100, taa inapata kama miliampia 15, ambazo zinaitosha bila kuiunguza. Mayai ya ganda la kahawia yanataka mwanga zaidi, kwa hiyo funga LED mbili au tatu, kila moja na rezista yake. Ziingize kwenye kipande cha bomba, mdomo wake uwe mdogo kuliko yai.

Ingia chumba cheusi usiku, weka upande mnene wa yai kwenye mwanga. Siku ya 7 yai lenye uhai lina mishipa myekundu kama utando wa buibui na doa jeusi. Lisilo na kitu linaonekana wazi tu. Ukiona duara la damu bila mishipa, kiini kimekufa. Rudia siku ya 14, hapo yai zima liwe jeusi isipokuwa chumba cha hewa. Fanya haraka, mayai yasipoe. Ukiondoa mabovu mapema, tetea wako halalii mayai matupu siku zote 21, na hayamuozei kiotani.

Mota je? Vijana wengi wanataka kuifanya feni ya kitotoleshi. Hapana. Siku 21 usiku na mchana ni saa 504, na brashi za mota ya mdoli hazikutengenezwa kwa safari hiyo. Feni ikisimama usiku wa manane joto halizunguki, upande mmoja mayai yanaiva na mwingine yanapoa. Tafuta feni ya kompyuta ya volti 12 isiyo na brashi, nayo uipime siku mbili mfululizo kabla ya kuweka yai hata moja. Mota ya mdoli mwachie mtoto ajifunzie.

Hakuna dhahabu humo

Hili nalisema kwa sababu tuko Nyarugusu. Kuna watu wanachoma bodi wakitafuta dhahabu kama wanavyochoma zebaki. Ule mstari wa dhahabu kwenye rezista ni rangi tu. Bodi ya mdoli ina shaba, bati na mara nyingi risasi. Ukichoma, unachopata ni moshi wa sumu kwako, na majivu ambayo kuku watayadonoa na wewe utakula mayai yao. Mabaki yaweke kwenye ndoo yenye mfuniko, mpe fundi redio.

Jaribu taa hiyo kwa tetea mmoja kwanza, uandike ulichokiona siku ya 7 na siku ya 14, kisha ulinganishe na vifaranga utakaowapata.