Doa la Bibo

Mwanamke amesimama chini ya mkorosho. Kavaa gauni jeupe refu, kashika kikapu cha maua, na juu ya kichwa chake mabibo yananing'inia, kila moja na korosho yake kwa chini kama kipini puani. Mama wa Palma au wa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, akionyeshwa picha hii hataulizia mti. Ataulizia mwenyewe: huyu kaja shamba na gauni la namna hiyo, ana shughuli gani?

Picha ilichorwa Brazili mwaka 1641. Mchoraji, Albert Eckhout, alikuwa Mholanzi aliyepelekwa huko na Johan Maurits, gavana wa koloni walilokuwa nalo Waholanzi kaskazini mashariki mwa nchi hiyo. Mbali na watu, alichora picha kumi na mbili za matunda na mazao matupu: nanasi, tikiti, nazi, mihogo, vimepangwa juu ya ukuta mfupi na nyuma yake mawingu mazito, kana kwamba mvua iko njiani na mwenye mali hajarudi. Mwaka 1654 zikatolewa zawadi kwa mfalme wa Denmark, na hadi leo zimo katika Makumbusho ya Taifa, Copenhagen.

Vilivyokuwa maajabu kwa mfalme yule, huku kwenye jimbo la Cabo Delgado ni vya jikoni tu. Mihogo hupikwa kwa tui. Nanasi na korosho vilishavuka bahari na merikebu za Wareno, na majina yake yakavuka navyo. Anayesema kanju badala ya bibo anatamka neno la Watupi wa Brazili, lililopitia kinywani mwa Mreno. Tikiti ndilo lililokwenda kinyume: asili yake Afrika, likachorwa kule kama mwenyeji.

Kwao Uholanzi, uchoraji wa matunda na maua ulikuwa kazi kamili yenye mabingwa wake. Rachel Ruysch, binti wa profesa wa mimea, aliufanya tangu ujana mpaka uzee. Jan van Huysum aliwahi kumwandikia mteja kwamba picha yake haiwezi kwisha kwa sababu anangoja waridi la manjano lichanue. Maua yasiyokutana shambani yalikutana kwenye chungu kimoja cha rangi, na pembeni mchoraji aliweka nzi, au jani lililoanza kuoza, ili tajiri mwenye picha akumbuke kwamba naye atakufa. Kireno, lugha ya shule huku Msumbiji, huziita picha hizi natureza-morta, maumbile yaliyokufa. Jina hilo silipendi. Embe lililokatwa si maiti.

Ukitafuta picha za namna hiyo katika nyumba za zamani za pwani hii, kuanzia Quionga karibu na mdomo wa Ruvuma hadi kisiwa cha Ibo, utazunguka sana. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na mapambo yake ya zamani si turubai zenye fremu. Tazama nguo. Katika karne ya 16 Wareno walivijua visiwa vya Quirimba kwa vitambaa vyake vilivyotiwa nili, vilivyoitwa maluane. Watu wa hapa walikuwa mafundi wa rangi kabla Eckhout hajazaliwa.

Baadaye, mwishoni mwa karne ya 19, ikaingia kanga, na hapo hadithi inarudi Uholanzi. Kiwanda cha Vlisco katika mji wa Helmond kilikuwa kimoja kati ya vilivyopiga chapa kanga za soko la Afrika Mashariki, kabla ya Wajapani, Wahindi na, tangu 1968, kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam. Nchi ya van Huysum ikawa inawachorea matunda na maua wanawake wa Kiswahili, yakae kwenye mji, yaani sehemu ya kati ya kanga, au yazunguke kwenye pindo. Safari hii mnunuzi alikuwa na sauti: muundo usiopendeza ulidoda dukani.

Na picha ikapewa jina. Mholanzi alimwachia mtazamaji abahatishe maana ya nzi, lakini kanga inasema wazi chini ya mchoro, hata kama maneno yake hayahusiani kabisa na nanasi lililo juu yake. Kapulana, nguo za kujifunga za Msumbiji, kwa kawaida hazina maneno, ila watu wa Palma, ambao Mtwara kwao ni jirani, wanazijua zote mbili.

Mchoro ninaoupenda zaidi ni ule wenye umbo la tone lililopinda ncha. Waajemi na Wahindi walikuwa nao zamani, bila kuwazia mkorosho. Kina mama wa pwani yetu waliutazama wakasema: korosho. Wahakiki wa sanaa wangeandika kurasa kumi.

Tangu vita vilipoanza Mocímboa da Praia, Oktoba 2017, wakulima wengi wameikimbia mikorosho yao, na wengine wamerudi na kukuta msitu umeingia shambani. Anayerudi kuokota hulikuta bibo lile lile la 1641, jekundu au la manjano, laini, lisilovumilia siku mbili bila kuchacha. Huokotwa kwa haraka, korosho hunyongolewa, na maji ya bibo huchuruzika mikononi hadi kwenye nguo. Kila mtoto wa pwani ameshagombezwa kwa hilo, maana doa lake, la kahawia, halitoki kwa sabuni wala kwa jua. Linakaa pale juu ya kanga, karibu na korosho zilizochapwa kiwandani, na rangi za kiwanda hupauka kwanza.