Nishani Isiyoonekana Kwenye Hati ya Askari

Askari wa Marekani anapoliacha jeshi hukabidhiwa karatasi iitwayo DD 214. Tangu siku hiyo, karatasi hiyo ndiyo itakayomsemea: akiomba mkopo wa nyumba unaodhaminiwa na Idara ya Maveterani, akitaka kutibiwa katika hospitali za idara hiyo, akiomba kazi ya serikali, na hata siku ya mazishi, familia ikitaka azikwe katika makaburi ya taifa. Katika toleo linalotumika sasa, kisanduku cha 13 ndicho kinachoorodhesha nishani, beji na tepe zake zote. Kisichoandikwa humo, serikali huchukulia kwamba hakikutokea mpaka mtu athibitishe vinginevyo.

Jambo hili linawagusa wasemaji wa Kiswahili kuliko wengi wanavyodhani. Mpango wa MAVNI, ulioanza kusajili watu mwaka 2009 na kufungwa mwaka 2016, uliwaruhusu wahamiaji waliokuwa Marekani kihalali bila ukaazi wa kudumu wajiunge na jeshi kwa sababu ya lugha wanazozijua, na Kiswahili kilikuwamo kwenye orodha. Wengine kutoka Kenya, Tanzania na Kongo waliingia jeshini kwa njia ya kawaida, wakiwa tayari wana kadi ya ukaazi. Leo baadhi yao ni raia wa kawaida tena, wana watoto na kazi, na hati zao zimelala kwenye droo bila kusomwa kwa makini hata mara moja. Makala haya ni yao, na ya familia zao zilizobaki nyumbani.

Anayegundua kwamba nishani yake haimo huwa na mawazo mawili: karani alisahau, au kuna mkubwa aliyemfanyia hila. Yote mawili hutokea. Lakini mara nyingi sababu ni tarehe. DD 214 ni kama picha iliyopigwa siku askari alipoondoka, na nishani nyingi huidhinishwa baada ya siku hiyo. Hakuna ofisi inayopitia mamilioni ya hati za zamani kuziongeza. Mwenyewe asipodai, hazitaongezwa.

Tuchukue Vietnam. Mwaka 1974 Jeshi la Nchi Kavu la Marekani lilichapisha Amri Kuu namba 8. Amri hiyo ilitangaza kwamba vikosi vyote vilivyokuwa chini ya makao makuu ya jeshi hilo nchini Vietnam, kuanzia 20 Julai 1965 hadi 28 Machi 1973, vimetunukiwa na serikali ya Vietnam Kusini Msalaba wa Ushujaa wenye jani la mtende. Ni tuzo ya kikosi, kwa hiyo kila aliyekuwa ndani ya vikosi hivyo ana haki nayo: mpishi, fundi wa magari na mpiganaji. Aliyerudi kwao mwaka 1968 alikuwa na hati yake mkononi miaka sita kabla amri hiyo haijachapishwa. Ingewezaje kuwamo?

Hali ilikuwa hiyo hiyo kwa waliopigana Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Mwaka 1947 iliamuliwa kwamba askari wa miguu, au tabibu wa mstari wa mbele, aliyepata beji ya mapigano kati ya 7 Desemba 1941 na 2 Septemba 1945 anastahili nishani ya Bronze Star. Kufikia mwaka huo wengi wao walikwishavua sare, wamerudi mashambani na viwandani. Wapo waliokufa bila kujua. Nao waliotumwa Korea baada ya mapigano kusimama waliundiwa nishani yao na Bunge mwaka 2002, ikihesabiwa kuanzia 28 Julai 1954. Aliyelinda mpaka wa Korea mwaka 1980 anaweza kuidai leo.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika barua yoyote, jiulize nishani unayoitafuta hutolewaje. Hapa ndipo wengi wanapotea njia na kukaa miaka wakisubiri jibu la ofisi isiyohusika.

Zipo nishani za mahali na wakati. Ukithibitisha kwamba ulikuwa katika eneo fulani, ndani ya tarehe fulani, kwa idadi ya siku zinazotakiwa, nishani ni yako. Hakuna anayepima ushujaa wako. Tuzo za vikosi hufuata utaratibu huo huo: thibitisha kikosi, thibitisha tarehe, halafu linganisha na orodha rasmi. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, tuzo za vikosi vilivyopigana Vietnam zimeorodheshwa katika kijitabu namba 672-3, na zile za Vita Kuu ya Pili na vita vya Korea katika namba 672-1. Ukishajua jina kamili la kikosi, kuanzia kampuni hadi divisheni, kazi inayobaki ni ya kusoma na kulinganisha.

Nishani za ushujaa ni habari nyingine. Hizo huhitaji mtu akupendekeze, kamanda mwenye mamlaka akubali, na amri yenye namba itolewe. Kama amri ilitolewa na karani akasahau kuiandika kwenye DD 214, hilo ni kosa la maandishi, nalo hurekebishika kwa nakala ya amri hiyo. Kama haikutolewa kamwe, hata kama kamanda wako alikuahidi mbele ya kikosi kizima, hakuna cha kurekebisha. Hapo unaomba nishani mpya, na mlango wake ni mwingine.

Purple Heart, nishani ya waliojeruhiwa na adui, imesimama katikati, na ndiyo inayowaumiza watu kuliko zote. Haihitaji pendekezo, kwa kuwa aliyejeruhiwa anaistahili. Lakini ushahidi wake una nguzo tatu: jeraha litokane na kitendo cha adui, liwe limehitaji matibabu ya mtabibu, na matibabu hayo yawe yaliandikwa katika kumbukumbu rasmi. Nguzo ya tatu ndiyo huanguka. Askari aliyefungwa bendeji vitani akarudi kwenye nafasi yake saa ile ile hakuwa na muda wa kuuliza kama kuna mtu ameandika. Kovu lipo mwilini, karatasi haipo. Kwa waliopigana Iraq na Afghanistan kuna jambo la ziada: mwaka 2011 Jeshi la Nchi Kavu lilifafanua masharti yanayoruhusu mtikisiko wa ubongo uliosababishwa na mlipuko kuhesabiwa kuwa jeraha. Aliyekataliwa kabla ya hapo ana sababu nzuri ya kurudi na faili lake la hospitali.

Faida ya nishani hii haiishii kwenye utepe wa kifuani. Mwenye Purple Heart hupewa kipaumbele katika kuandikishwa kwa matibabu ya Idara ya Maveterani, na anaweza kustahili kaburi la ardhini katika makaburi ya Arlington. Nazo beji za mapigano humsaidia anayedai fidia ya madhara ya akili yaliyotokana na vita, kwa sababu zinathibitisha kwamba alikuwa vitani kweli. Ndiyo maana simwelewi anayesema nishani ni mapambo tu.

Sasa tuje kwenye moto ulioteketeza ushahidi wa wengi. Usiku wa 12 Julai 1973, ghorofa ya juu ya Kituo cha Taifa cha Kumbukumbu za Watumishi, jirani na St. Louis katika jimbo la Missouri, ilishika moto. Inakadiriwa kwamba mafaili kati ya milioni 16 na 18 yaliangamia. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, takriban asilimia 80 ya mafaili ya walioachiwa kati ya 1 Novemba 1912 na 1 Januari 1960 yalipotea. Kwa Jeshi la Anga, takriban asilimia 75 ya walioachiwa kati ya 25 Septemba 1947 na 1 Januari 1964, ambao majina yao kialfabeti yanakuja baada ya Hubbard, James E. Hapakuwa na nakala, hapakuwa na mikrofilamu. Mafaili ya Jeshi la Majini na ya Marine Corps hayakuguswa.

Wengi wakijibiwa kwamba faili limeungua hukata tamaa hapo hapo. Wasikate. Kituo hicho hujenga upya rekodi kwa kutumia vyanzo vingine: hati za malipo ya mwisho, taarifa za asubuhi za kila kampuni zilizoandika nani yupo, nani amejeruhiwa na nani amehamishwa, kumbukumbu za kulazwa hospitalini, na mafaili ya madai katika Idara ya Maveterani. Barua askari alizomwandikia mkewe na picha yenye tarehe nyuma yake zinaweza kumwonyesha mtafutaji mwezi na kampuni ya kuanzia.

Kisa cha Waverly Woodson kinaonyesha gharama ya moto ule. Alikuwa tabibu katika batalioni ya 320 ya maputo ya ulinzi, kikosi cha Wamarekani weusi, na tarehe 6 Juni 1944 aliteremka Omaha Beach huko Normandy akiwa amejeruhiwa. Aliendelea kuwatibu wenzake kwa takriban saa 30. Faili lake liliungua mwaka 1973. Alifariki mwaka 2005. Familia yake na wabunge wa Maryland waliendelea kudai, na mwaka 2024 ndipo alipotunukiwa Distinguished Service Cross, nishani ya pili kwa ukubwa katika Jeshi la Nchi Kavu. Katika Vita Kuu ya Pili yote, hakuna hata askari mweusi mmoja aliyepewa Medal of Honor wakati ule. Saba walitunukiwa mwaka 1997, na kati yao Vernon Baker peke yake ndiye aliyekuwa hai kuipokea. Kwa watu hawa, karatasi iliyokosekana haikuwa suala la ukarani peke yake, na haki inadai tuseme hivyo waziwazi.

Utaratibu wenyewe hauna ugumu unaosemwa. Kwanza omba faili zima la utumishi, kwa sababu amri unayoitafuta inaweza kuwamo ndani bila wewe kujua. Fomu ni Standard Form 180, au ombi kwa njia ya intaneti katika tovuti ya Nyaraka za Taifa. Kama kosa ni la maandishi, tuma nakala ya DD 214 na ushahidi kwa ofisi ya rasilimali watu ya jeshi husika. Ya Jeshi la Nchi Kavu iko Fort Knox, Kentucky. Wakikubali, hawakuandikii hati upya kila mara. Hutoa DD 215, karatasi ya marekebisho inayokaa pamoja na ile ya kwanza daima. Usiitenganishe nayo.

Wakikataa, kuna bodi ya kurekebisha kumbukumbu za kijeshi. Jeshi la Nchi Kavu, la Majini na la Anga kila moja lina yake, na Marine Corps wamo katika ile ya Majini. Wajumbe wake ni raia, na fomu ni DD 149. Sheria inataka uombe ndani ya miaka mitatu tangu ulipogundua kosa, lakini bodi inaweza kusamehe ucheleweshaji kwa ajili ya haki, kwa hiyo eleza sababu zako. Bodi huanza kwa kuamini kwamba rekodi iko sahihi, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wako. Maelezo ya mwenzako vitani yana uzito pale tu aliposhuhudia mwenyewe, akataja cheo chake, kikosi, mahali na tarehe. Barua ya kukusifu haisaidii. Anayetafuta nishani ya ushujaa ambayo muda wa kuipendekeza umepita hupitia kwa mbunge wake wa Congress, chini ya kifungu cha 1130 cha sheria za majeshi.

Nina maonyo machache. Usiandike chochote kwa mkono wako juu ya DD 214, hata kama unachoandika ni kweli; kuibadilisha hati hiyo ni kosa la jinai. Usimlipe wakala anayekuahidi nishani, kwa sababu fomu hizi ni bure, na veterani hupewa nishani zake bila malipo. Nasi tuliotoka Afrika Mashariki tuangalie majina: aliyesajiliwa kwa jina la babu, kisha akabadili mpangilio wa majina alipopata uraia, aambatishe hati zinazounganisha majina yote mawili, la sivyo amri yake inaweza kukaa kwenye faili ambalo hakuna anayelitafuta.

Kama askari amefariki, ndugu wa karibu wanaweza kuomba. Katika Jeshi la Nchi Kavu anayeanza ni mjane au mgane, kisha mtoto mkubwa, kisha baba au mama, na cheti cha kifo au uthibitisho mwingine wa kifo huambatishwa. Miaka 62 baada ya askari kuachiwa, faili lake huwa la kumbukumbu za umma, na mtu yeyote anaweza kuomba nakala kwa kulipia.

Ikiwa mzee wako aliyetumikia jeshi la Marekani bado yu hai, kaa naye wiki hii. Mwulize jina la kampuni na batalioni yake, mwezi aliofika na mwezi aliorudi, nani alikuwa sajini wake, hospitali gani ilimtibu. Andika yote anayokuambia, mpe asaini Fomu 180, na uitume akiwa bado anaweza kuwajibu watakapouliza.