Usigombane na hewa ya pakiti, gombana na hesabu yake

Maswali ya wasomaji kuhusu krispi na biskuti za pakiti karibu yote yana lalamiko moja: mfuko umevimba, ukiufungua nusu yake ni hewa. Wapo wanaoongeza kwamba hewa hiyo ni sumu. La sumu tulimalize hapa hapa. Iliyomo ni naitrojeni, gesi ileile inayochukua karibu asilimia 78 ya hewa tunayovuta Msimbazi na Gerezani. Inatiwa ili kufukuza oksijeni inayoharibu mafuta na kuyatia harufu mbaya, na pia kukinga vipande visisagike chini ya mzigo wa maboksi kwenye mkokoteni. Zile video za WhatsApp zinazoonyesha krispi ikiwaka moto, eti ni plastiki, nazo zipumzike. Wanga mkavu ulionyonya mafuta ukipewa kiberiti lazima uwake. Na anayedhani amepunjwa aweke pakiti kwenye mizani: kinachouzwa ni uzito ulioandikwa, unene wa mfuko hauhesabiki. Gramu zikipungua, Wakala wa Vipimo ndiyo kazi yake.

Kwa upande wa afya, shida ni kinyume cha lalamiko hilo: pakiti inatulisha zaidi ya tunavyohitaji, na inafanya hivyo bila sisi kujua. Mwaka 2004 Barbara Rolls na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania, Marekani, walichapisha utafiti ambao watu walipewa alasiri, kwa siku tofauti, pakiti za krispi za kuanzia gramu 28 hadi 170, kila mmoja ale atakavyo. Kadiri pakiti ilivyokua ndivyo walivyokula zaidi. Kutoka gramu 42 kwenda 85, ulaji wa wanawake ulipanda kwa asilimia 18 na wa wanaume kwa asilimia 37. Chakula cha jioni hawakukipunguza kiasi cha kufidia. Mwaka 2015 mapitio ya Cochrane yaliyojumlisha tafiti 72 yalionyesha mwelekeo uleule: kipimo kikubwa, pakiti kubwa au chombo kikubwa humfanya mtu ale zaidi.

Kwa nini tumbo halipigi kelele? Shibe hujengwa na mambo kadhaa yanayokwenda kwa mwendo tofauti. Ukuta wa tumbo ukitanuka, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, lakini kinachoutanua ni ujazo, na sehemu kubwa ya ujazo wa chakula cha kawaida ni maji. Krispi imekaushwa: gramu 30 zina kilokalori zipatazo 160, sawa na machungwa mawili au matatu, ilhali tumboni zinachukua nafasi ya kiganja. Kisha kuna homoni za utumbo, ambazo huhitaji muda kupanda baada ya chakula kufika. Krispi huvunjika na kuyeyuka mdomoni haraka, haitafunwi kwa kazi kama muhindi wa kuchoma, hivyo pakiti huisha kabla homoni hazijasema neno. Alama pekee ya kuacha inayobaki ni sauti ya mfuko mtupu, na mahali pa alama hiyo pamepangwa na kiwanda.

Wapo watakaosema hili ni suala la nidhamu tu. Nidhamu humsaidia anayejua anachokihesabu. Geuza pakiti ya gramu 150: kwenye mkunjo wa nyuma, kwa herufi za kutafutwa kwa miwani, utakuta hesabu ya "kipimo kimoja, gramu 30". Tuseme kipimo hicho kina miligramu 200 za sodiamu. Pakiti nzima ina 1,000, yaani gramu 2.5 za chumvi, nusu ya gramu 5 ambazo Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizifikie kwa siku. Wengine watasema vipakiti vya jero vinavyoning'inia kwenye vibanda vimeshatibu tatizo. Vinasaidia kweli, kwa kuwa vinaisha mapema. Ila duka la jumla la Kariakoo linauza kwa dazeni, na pakiti kubwa kwa kawaida ni nafuu zaidi kwa kila gramu, kwa hiyo mfuko wa fedha unamsukuma mnunuzi kulekule.

Hili si la mzaha katika nchi ambayo uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012 ulikuta takriban mtu 1 kati ya 4 wenye miaka 25 hadi 64 ana shinikizo la juu la damu. Ushauri ni mfupi: soma uzito wote, zidisha, mimina unachotaka kwenye sahani, funga kilichobaki. Anayekuuzia chai ya "kuyeyusha mafuta ya tumbo" mpite. Hakuna jani linalofuta kilokalori zilizokwisha kumezwa, na baadhi ya chai hizo ni dawa za kuharisha tu. Kwa viwanda na Shirika la Viwango (TBS) dai ni moja: hesabu ya pakiti nzima iandikwe mbele, kwa Kiswahili, kwa herufi zinazosomeka ndani ya daladala.