Sanduku la Kompyuta Hufungwa na Nani?

Wengi wenu mmekwisha kufunga sanduku la kwenda shule ya bweni. Atokaye Muze kupanda Sumbawanga hutia blanketi zito, maana baridi ya Ufipa haina mzaha. Ashukaye kwetu bondeni huliacha. Kompyuta nayo hufungiwa sanduku, ila afungaye si mwenye safari.

Mfumo wa uendeshaji ndio programu kuu iamshayo kompyuta. Pamoja nao watengenezaji hutia programu nyingine tayari: za kuandikia, za picha, za kuingilia intaneti. Wachague zipi? Kila moja hula nafasi, hutaka kurekebishwa mara kwa mara, na ikiwa na kasoro yaweza kumfungulia mwizi mlango.

Tutazame Ubuntu, mfumo utolewao bure tangu mwaka 2004. Zamani ulilazimika kuenea katika CD moja, yaani megabaiti 700 hivi. Basi toleo la 10.04 la mwaka 2010 liliiacha GIMP, programu ya kutengenezea picha, kwa kuwa ilionekana yafaa mafundi zaidi. Toleo la 23.10 la mwaka 2023 likapunguza zaidi: usipochagua vingine, wapata programu ya intaneti na vitu vichache tu. Hata LibreOffice, ya kuandikia barua na kupigia hesabu, haimo. Aitakaye achague mzigo kamili tangu mwanzo, au aivute baadaye kutoka intaneti.

Aivute baadaye! Neno hilo ni jepesi mjini. Huku kwetu, mtandao ukisuasua na kifurushi kikinunuliwa kwa fedha ya mboga, kisichokuwamo mwanzoni ni kama hakipo duniani. Tena mwanafunzi hutumia anachokikuta, wala hajui kwamba kuna kingine.

Hata lugha ni hivyo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao walitoa Jambo OpenOffice, yenye maagizo ya Kiswahili. Kazi kubwa, lakini ilimpasa mtu aitafute na kuitia mwenyewe.

Mimi ningetia LibreOffice, GeoGebra kwa ajili ya hesabu, na Kiwix, ambayo husomesha Wikipedia bila intaneti. Mchezo mmoja tu, wa kujizoeza kupiga chapa. (Najua Kidato cha Pili watanuna.) Kompyuta kuukuu haziwezi kubeba yote, kwa hiyo walimu wa masomo yote waandike mahitaji yao mapema, na fundi apewe orodha hiyo kabla hajateremka mlima.