KANSA YA MATITI: JE, RANGI NDIYO INAYOUA?

Nchini Marekani wanawake weusi hupatwa na kansa ya matiti mara chache kidogo kuliko wanawake weupe. Hata hivyo, kiwango cha vifo vyao kutokana na maradhi hayo hukizidi kile cha weupe kwa karibu asilimia 40. Iweje maradhi yawe yale yale, nchi iwe ile ile, kisha mmoja apone na mwenzake azikwe?

Kwa miaka mingi jibu lililotolewa upesi lilikuwa ni rangi, kwamba mwili wa mtu mweusi una kasoro yake. Jibu hilo ni jepesi mno, tena ni la hatari, kwani huwaondolea lawama wale wenye wajibu wa kutibu. Uchunguzi wa madaktari umeonyesha kwamba ukweli una pande mbili, na yafaa akina mama, waume zao na binti zao wazielewe zote mbili.

KANSA ISIYO NA KUFULI

Kansa ya matiti si ya aina moja. Chembe nyingi za kansa hii huwa na vipokeo, ambavyo twaweza kuvifananisha na kufuli. Homoni za kike, yaani estrojeni na projesteroni, ndizo funguo. Zikiingia katika kufuli hizo, chembe za kansa huamshwa zikakua. Dawa kama tamoksifeni huiziba kufuli, na kansa hukosa nguvu. Kansa nyingine huwa na wingi wa protini iitwayo HER2, nayo imepatiwa dawa zake.

Lakini iko aina isiyo na kipokeo cha estrojeni, wala cha projesteroni, wala wingi wa HER2. Kwa sababu hiyo madaktari huiita kansa ya "hasi tatu". Dawa zinazoziba kufuli haziifai kitu. Hukua upesi, huweza kujitokeza katikati ya vipindi vya uchunguzi wa kawaida, na huwapata zaidi wanawake ambao bado ni vijana. Katika kila kansa 100 za matiti, kati ya 10 na 15 huwa za aina hii. Mwanamke mweusi wa Marekani ana hatari ya kuipata inayokaribia mara mbili ya ile ya mwanamke mweupe.

DAMU YA MABABU

Daktari mpasuaji wa Marekani, Lisa Newman, aliyekuwa akiwatibu wanawake weusi wa nchini kwake, aliamua kulifuatilia jambo hili mpaka Afrika. Tangu mwaka 2004 yeye na wenzake wameshirikiana na madaktari wa Hospitali ya Komfo Anokye mjini Kumasi, Ghana, na baadaye na wenzao wa Addis Ababa, Ethiopia.

Matokeo waliyoyatangaza mwaka 2019 yalistaajabisha. Miongoni mwa wagonjwa wa Ghana waliochunguzwa, zaidi ya nusu walikuwa na kansa ya hasi tatu. Kwa Wamarekani weusi ilikuwa kama 30 katika kila 100. Kwa Waethiopia ilikuwa kama 15 tu, karibu sawa na Wamarekani weupe.

Historia yatusaidia kuyaelewa hayo. Wengi wa Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani Amerika ya Kaskazini walitoka Afrika Magharibi na Afrika ya Kati upande wa Atlantiki. Hawakutoka pwani yetu. Tena, uchunguzi uliofanywa Marekani umeonyesha kwamba wanawake waliozaliwa Afrika Mashariki na kuhamia huko hupatwa na kansa ya hasi tatu kwa kiwango kidogo kuliko wanawake weusi waliozaliwa nchini humo.

Basi weusi wa ngozi peke yake hauelezi jambo hili. Mghana na Mwethiopia wote ni weusi, lakini urithi wao wa damu si mmoja.

MIJI MIWILI

Upande wa pili wa ukweli huu haumo katika damu. Mwaka 1980, katika jiji la Chicago, wanawake weusi na weupe walikuwa wakifa kwa kansa ya matiti kwa kiwango kilicho karibu sawa. Kisha picha za eksirei za matiti zikaenea, na dawa mpya zikaanza kutumika. Vifo vya weupe vikashuka sana. Weusi hawakuipata neema hiyo. Ilipofika mwaka 2003, kiwango cha vifo vya wanawake weusi wa Chicago kilikuwa kimekizidi cha weupe kwa asilimia 68. Katika jiji la New York pengo hilo lilikuwa dogo zaidi kwa mbali.

Urithi wa damu haubadiliki ndani ya miaka 23, wala hauwi na ukali mwingine Chicago na mwingine New York. Kilichotofautiana ni huduma. Ripoti iliyotolewa Chicago mwaka 2007 ilieleza kwamba mitaa ya weusi ilikuwa na upungufu wa mashine bora na wa mabingwa wa kuzisoma picha hizo, na kwamba matibabu yaliyofuata hayakuwa sawa.

Isitoshe, hata katika zile kansa zenye kufuli, ambazo dawa zake zipo, mwanamke mweusi wa Marekani hufa zaidi kuliko mwenzake mweupe. Hapo ubaya wa aina ya kansa hauwezi kusingiziwa.

YATUPASAYO

Sisi wa Afrika Mashariki tusijidanganye kwamba tumesalimika. Katika Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, wengi wa akina mama wenye kansa ya matiti hufika ikiwa imekwisha enea. Wengine hukawia kwa hofu, wengine kwa kukosa nauli, na wengine kwa kuzungushwa kutoka zahanati moja hadi nyingine.

Mama asingoje maumivu, kwa kuwa mara nyingi uvimbe wa kansa hauumi mwanzoni. Akiona kivimbe kwenye titi au kwapani, ngozi iliyobonyea au kukakamaa kama ganda la chungwa, chuchu iliyoingia ndani au inayotoa damu, aende hospitali mara moja, hata kama umri wake ni miaka 25. Mama anyonyeshe awezavyo, kwani kunyonyesha hupunguza hatari ya kansa hii ya hasi tatu. Aliye na mama au dada aliyeugua na amweleze daktari. Naye mume asimwachie mkewe mzigo wa hofu na wa nauli peke yake.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humwumbua. Lakini anayeyafichua maradhi yake naye ana haki ya kupokewa, kupimwa na kutibiwa kwa wakati. Urithi wa mababu hatuwezi kuuchagua; foleni ya hospitali, bei ya dawa na umbali wa mashine ni mambo yaliyopangwa na watu, na watu waweza kuyapanga upya.