Mjukuu Amechanjwa, Je, Babu?

Hapa Kilwa Masoko kila mama anazijua siku za kliniki. Tangu mwaka 2013 watoto wachanga nchini hudungwa sindano ya kuwakinga na homa ya mapafu, katika juma la 6, la 10 na la 14. Lakini babu anayekohoa barazani, nani humkumbuka?

Tarehe 28 Julai 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alichanjwa hadharani dhidi ya UVIKO-19. Waliotangulizwa walikuwa watumishi wa afya, wenye magonjwa ya kudumu, na watu wa miaka 50 na zaidi. Hapo wazee walipewa nafasi ya mbele, na kwa haki: mwili ukizeeka, nguvu ya kupigana na maradhi hupungua.

Tena homa ya mapafu humjia mzee kwa kificho. Pengine hana joto kali. Hukataa chakula, huhema upesi, au hupayuka. Watu husema ni uzee tu, kumbe ni ugonjwa.

Basi, ndugu msomaji, ukimpeleka mtoto kliniki, muulize mganga: kuna chanjo gani imfaayo mzee wetu? Na mzee wa Kilwa Kisiwani asiachwe kwa kuwa kupanda mashua kumemshinda. Alikubeba mgongoni, nawe mshike mkono.